Sura ya Shakespeare, fuvu la Mkwawa na picha zisizo na majina Njombe

MWANAFUNZI wa sekondari mjini Njombe au Makambako anayesoma fasihi ya Kiingereza hukutana mapema na uso wa mwanamume mwenye kipara cha mbele, ndevu fupi na hereni sikioni. Chini ya uso huo aghalabu huandikwa maneno mawili tu: William Shakespeare. Hayatajwi maelezo ya nani aliuchora, ulichorwa lini, wala ni ushahidi gani unaothibitisha kuwa mtu huyo ndiye mshairi mwenyewe. Mwanafunzi huamini kwa sababu kitabu kimesema.

Ukweli ni kwamba wataalamu wa Uingereza, ambako mchoro huo umehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 160, hawajathubutu kulitamka jambo hilo kwa uhakika. Wanachokubali kusema ni kwamba, miongoni mwa michoro yote inayonasibishwa na Shakespeare akiwa hai, huo ndio wenye hoja zenye nguvu zaidi. Kati ya kauli ya kitabu na kauli ya wataalamu pana tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la mbali kwa mtu anayesubiri basi la Songea katika njia panda ya Makambako. Hata hivyo, ikumbukwe kuwa Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nkosi Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906. Tangu hapo swali la "huyu ni nani hasa?" limeacha kuwa la wapenzi wa sanaa pekee. Ni swali la familia zinazotaka kuzika ndugu zao, na Nyanda za Juu Kusini zimo ndani yake.

Mshairi mwenye sura nyingi

Shakespeare alifariki dunia mwaka 1616. Sura mbili tu ndizo zinazokubalika kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya kumwakilisha yeye, na zote mbili zilipatikana baada ya kifo chake. Ya kwanza ni sanamu iliyomo katika kanisa la Stratford alikozikwa. Ya pili ni mchoro wa Martin Droeshout uliochapishwa mwaka 1623 mbele ya mkusanyo wa kwanza wa tamthilia zake. Droeshout anayedhaniwa kuuchora alizaliwa mwaka 1601, hivyo alikuwa kijana wa miaka kama 15 mshairi alipokufa. Hata hivyo kitabu hicho kilitolewa na watu waliomfahamu Shakespeare vyema na kufanya naye kazi jukwaani, nao waliiruhusu sura hiyo ipite. Hiyo ndiyo nguvu yake: walioijua sura halisi waliiona.

Mchoro wenye hereni, unaojulikana kwa jina la Chandos, una historia nyingine. Jumba la Taifa la Picha za Watu Mashuhuri la London lilipoanzishwa mwaka 1856, huo ndio uliokuwa mchoro wa kwanza kuingizwa katika orodha yake, ukiwa zawadi ya Lord Ellesmere. Unakadiriwa kuchorwa kati ya mwaka 1600 na 1610. Habari za kwamba mchoraji alikuwa mtu aitwaye John Taylor zinatokana na kumbukumbu zilizoandikwa na George Vertue mwaka 1719, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo cha mshairi. Inasemekana pia uliwahi kumilikiwa na William Davenant, mwandishi wa tamthilia aliyependa kujitambulisha kuwa mtoto wa ubatizo wa Shakespeare, na wakati mwingine kuacha watu waamini zaidi ya hapo. Shahidi wa aina hiyo husikilizwa kwa tahadhari, maana ana faida yake katika ushahidi anaoutoa.

Michoro mingine imekuwa na mwisho usio mzuri. Ule uitwao Flower, uliokuwa na maandishi ya mwaka 1609, ulichunguzwa na jumba hilo la London na majibu yakatangazwa mwaka 2005. Ndani yake ilikutwa rangi ya njano ya kromu ambayo haikuwa ikitumika kabla ya karne ya 19. Mchoro wa Ashbourne uliposafishwa mwaka 1979 iliibuka nembo ya ukoo iliyoonyesha kuwa aliyechorwa ni Hugh Hamersley, aliyekuja kuwa Meya wa London. Ule wa Janssen, uliomo katika maktaba ya Folger nchini Marekani, ulionekana kuwa paji la uso lilipakwa rangi baadaye ili kipara kipande juu na mtu afanane na Shakespeare anayejulikana. Mwaka 2009 mtaalamu mkubwa, Stanley Wells, alitangaza kuwa mchoro wa familia ya Cobbe ndio sura ya kweli iliyochorwa mshairi akiwa hai. Wataalamu wengine wakajibu kwamba mtu huyo anafanana zaidi na Sir Thomas Overbury. Ubishi haujaisha hadi leo.

Mafunzo manne

Katika mvutano huo wa miaka mingi yamo mafunzo manne ambayo msomaji wa kawaida anaweza kuyatumia bila kuwa na maabara.

La kwanza, vitu husema ukweli kuhusu umri wao. Rangi, mbao, nguo na karatasi vina tarehe zake. Havitaji jina la aliyechorwa, lakini vinaweza kumkana shahidi wa uongo, kama rangi ya njano ilivyoukana mchoro wa Flower. Ushahidi wa namna hii una uwezo mkubwa wa kukanusha kuliko wa kuthibitisha.

La pili, mlolongo wa umiliki ndio uti wa mgongo wa uthibitisho. Nani alikuwa nacho, akampa nani, mwaka gani, na nani aliandika habari hizo? Pale mnyororo unapokatika kwa miaka 50 au 100, kila kinachosemwa baada ya hapo ni dhana, hata kama ni dhana nzuri.

La tatu, kufanana kwa sura ni ushahidi dhaifu kuliko wote, ingawa ndio unaoshawishi watu wengi zaidi. Wanaume wenye vipara na ndevu fupi walikuwa wengi mjini London mwaka 1600, kama ambavyo leo wanaume wenye makoti mazito ni wengi katika asubuhi ya baridi mjini Njombe.

La nne, kila anayesema "ndiye" ana jambo analolitaka. Mwenye mchoro anataka bei, mji unataka watalii, msomi anataka kukumbukwa kwa ugunduzi, na taifa linataka sura ya kuweka ukutani. Haja hizo si dhambi, lakini zisipotajwa hugeuza matumaini kuwa ushahidi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika mambo ya utambulisho methali hiyo ni ya hatari, kwa kuwa linalosemwa mara nyingi huonekana kuwapo hata kama halijawahi kuwapo.

Washairi wetu wasio na sura

Upande wa Waswahili hali ni tofauti. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, wakati ambapo ufundi wa kupiga picha ulikuwa umetangazwa tu huko Ufaransa mwaka 1839. Mwana Kupona binti Msham, aliyemwachia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, alifariki miaka michache baadaye. Hatuna mchoro wala picha ya kuaminika ya yeyote kati yao. Kuhusu Fumo Liyongo, hata karne aliyoishi inabishaniwa, na mashairi yanayonasibishwa naye yametoka katika vinywa vya vizazi vingi.

Mombasa na Lamu zilihifadhi maneno, hazikuhifadhi nyuso. Mashairi ya Muyaka yasingetufikia kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Huo nao ulikuwa mlolongo wa umiliki: nani alilisikia shairi kwa nani. Sikujua alifanya kwa shairi kile ambacho msimamizi makini wa jumba la picha hufanya kwa mchoro, akaokoa jina la mtunzi lisipotee. Kwa hiyo, kazi ya kuthibitisha si ugeni ulioletwa na wazungu. Hapa kwetu ilifanywa kwa kinywa na daftari.

Hata Shakespeare mwenyewe aliwafikia wasomaji wetu kwa kazi ya namna hiyo ya uangalifu. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Julius Caesar na kuichapisha mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akatoa toleo lililorekebishwa likiitwa Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Aliirudia kazi yake mwenyewe na kuisahihisha. Msomaji wa Njombe aliyekutana na mshairi huyo kwa Kiswahili alikutana na maneno yake bila kuhitaji kujua kama alivaa hereni.

Kalenga, mwaka 1954

Kuna hata hivyo mahali ambapo swali la utambulisho liligusa damu, napo ni jirani. Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi ulipoanzishwa mkoa wake mwaka 2012. Katika Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, limehifadhiwa fuvu linalotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe.

Mkwawa alijiua Julai 1898 huko Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wakimwandama. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa kwa wakubwa wa jeshi mjini Iringa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Horace Byatt, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza, alipendekeza kirudishwe kama shukrani kwa Wahehe. Ndiyo maana Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani kulirejesha fuvu hilo ndani ya miezi sita. Ujerumani ilisema hailijui liliko.

Miaka zaidi ya 30 ilipita. Gavana Edward Twining alipofuatilia, alielekezwa kwenye jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu kiasi cha 2,000. Kati ya hayo, 84 yaliandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki. Twining aliyachuja kwa kupima uwiano wa upana na urefu, akilinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, akatazama pia lenye tundu la risasi. Fuvu lililochaguliwa lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga Juni 19, 1954.

Tukiyapima hayo kwa mafunzo manne yaliyotangulia, jibu halifurahishi. Mlolongo wa umiliki kutoka Iringa hadi rafu za Bremen una pengo. Vipimo vya kichwa ni ndugu wa kufanana kwa sura: vinaweza kuwatoshea watu wengi. Tundu la risasi nalo halikuwa jambo la nadra katika mafuvu yaliyokusanywa wakati wa vita vya kikoloni. Tena serikali iliyolichagua ilikuwa na haja yake ya kisiasa ya kulirudisha. Si ajabu basi kwamba wanahistoria kadhaa wamehoji kama fuvu hilo ni la Mkwawa kweli.

Wapo watakaosema maswali hayo ni utovu wa adabu. Hoja yao ina uzito. Wahehe walilipokea fuvu hilo, wakalifanyia heshima, na kwa miaka 70 sasa Kalenga imekuwa mahali pa kumbukumbu ya ushujaa. Ishara inaweza kuwa ya kweli hata kama kitu chenyewe kina shaka, kama vile mchoro wa Chandos unavyoendelea kuheshimiwa London. Lakini heshima haidai tufiche shaka. Kama fuvu la Kalenga si la Mkwawa, basi ni la mtu mwingine aliyekuwa na mama, ukoo na jina, naye anaheshimiwa kwa jina lisilo lake huku wa kwake hawajui alipo. Hilo ndilo linalofanya jambo hili lisiwe ubishi wa wasomi tu.

Kilichobadilika

Leo kuna nyenzo ambayo Twining hakuwa nayo, yaani vinasaba. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka eneo la iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambapo takriban 200 yalitoka Tanzania ya leo. Kwa mafuvu matatu walipatikana ndugu walio hai nchini Tanzania. Mojawapo ni la akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli wa Moshi.

Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Lakini wachache waliitazama hesabu iliyokuwa nyuma yake. Ni mafuvu manane tu yaliyokuwa na taarifa za kutosha kuwezesha kutafutwa kwa ndugu. Katika manane, matatu yakapata wenyewe. Hayo mengine mamia yalishindwa hata kabla ya maabara kuanza, kwa kuwa karne moja iliyopita hakuna aliyejali kuandika jina, ukoo au kijiji. Sayansi inaweza kulinganisha watu wawili, lakini haiwezi kukuambia ukabishe hodi mlango gani. Mlango huonyeshwa na maandishi na kumbukumbu za ukoo.

Hapo ndipo Njombe na Makambako zinapoingia. Vita vya Maji Maji vilifika Ubena, na kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa Septemba 1905. Wamisionari, maofisa na wasafiri wa zama zile walipiga picha, na sehemu kubwa ya picha za aina hiyo imo Ujerumani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina hifadhi ya picha za enzi za ukoloni zipatazo 55,000 zinazoweza kutazamwa kwa intaneti. Katika nyingi, mzungu ameandikwa kwa jina lake kamili na Mwafrika aliyesimama kando yake ameandikwa kwa kabila au kazi: Mbena, askari, mpagazi, mke wa chifu. Shakespeare ana nyuso nyingi zinazogombea jina moja. Wazee wetu wana nyuso nyingi zisizo na jina hata moja.

Tatizo hilo halikuishia enzi za Wajerumani. Makambako ilikua pamoja na barabara kuu ya Mbeya na reli ya Tazara, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Vijana waliochimba, waliobeba mataruma na waliojipanga na mafundi wa Kichina mbele ya kamera sasa ni wazee wa miaka 70 na zaidi. Picha zao zimo katika masanduku na bahasha, zikiliwa na unyevu wa nyanda za juu na moshi wa jikoni. Wanaoweza kuzitaja moja baada ya nyingine wanapungua kila mwaka.

Nini kifanyike

Serikali ina wajibu wake katika mazungumzo na Ujerumani, na haipaswi kukubali masanduku yenye lebo ya "Afrika Mashariki" bila kudai nyaraka zote zilizoambatana nayo: daftari za mapokezi, barua za waliotuma, majina ya meli na tarehe. Kosa la mwaka 1954 halikuwa kurejesha fuvu. Kosa lilikuwa kurejesha jibu lililokamilika bila kuweka wazi namna lilivyopatikana.

Lakini ipo kazi isiyongoja Dodoma wala Berlin. Shule za sekondari zinaweza kuwapa wanafunzi wa historia jukumu la kukaa na babu na bibi zao na kuandika majina ya waliomo katika picha za familia. Iandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya na kuharibu. Yatajwe mambo manne: nani yumo, mahali, mwaka hata kama ni wa kukadiria, na nani aliyetoa habari hizo. Pale msimulizi anapokuwa na shaka, shaka yake iandikwe vilevile. "Bibi anadhani ni kaka yake baba" ni taarifa bora kuliko jina lililotamkwa kwa uhakika usiokuwapo.

Makanisa yaliyorithi vituo vya kale vya misheni yanaweza kufungua madaftari ya ubatizo kwa watafiti wa ukoo, kwa utaratibu unaolinda faragha za watu. Halmashauri nazo zinaweza kutenga chumba kimoja kikavu katika maktaba au ofisi ya utamaduni kwa ajili ya nakala za picha hizo. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari, subira na mtu wa kuuliza.

Waingereza wana maabara, fedha na wataalamu, na bado baada ya miaka 400 hawawezi kusema kwa uhakika sura ya mshairi wao mkuu ilikuwaje. Sababu ni moja: walioijua hawakuandika wakati walipokuwa hai. Wazee wa Njombe, Makambako, Lupembe na Yakobi wanaozijua nyuso zetu bado wapo. Hawatakuwapo kwa muda mrefu.